Vidole Vinne vya Upindo

6 Januari

Mwanangu,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hata ya kufungua bahasha. Sisi huku wazima. Baba yako ana jino linalomsumbua tangu mwezi uliopita na hataki kwenda kuling'oa. Anasema limemtumikia miaka sitini, haliwezi kufukuzwa kwa kosa moja. Anatafunia upande wa kushoto na kugombana na redio siku nzima. Jirani wa juu amenunua kitanda kipya, na wabebaji wamekwaruza ukuta wetu wote wa ngazi wakikipandisha. Nimewaambia walichofanya, na nadhani hawatasahau.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya kuulizana kama mtu amefika. Mimi nikikasirika nataka karatasi, kwa sababu mkono ukianza kuuma napunguza matusi na kubaki na maneno yenye kazi.

Sasa jambo lenyewe. Jumatatu tumeletewa mchoro mpya wa sketi za shule kutoka makao makuu. Niliulaza mezani juu ya ule wangu wa kadibodi, nikadhani umechanika njiani. Upindo wa chini, ambao nimeukata vidole vinne tangu wewe hujazaliwa, umekuwa kidole kimoja. Mshono wa nyuma nao umebanwa mpaka sindano inatembea ukingoni. Eti kitambaa kinapotea bure.

Wewe unayajua haya, umekulia chini ya meza hii, lakini niache nitoe dukuduku. Mtoto anakua. Mama yake anafumua upindo, anauteremsha, anapiga pasi, na sketi inampeleka mwaka mwingine. Anayekata kidole kimoja anamwambia mtoto wa watu abaki alivyo. Nimekata nguo miaka thelathini na moja, na nimeona kwamba kadiri mtu anavyokaa mbali na mvaaji ndivyo anavyopenda kubana nguo. Hajawahi kuona goti likichungulia.

Tuna msimamizi mpya. Tunamwita Bwana Saa, kwa kuwa anaongea na watu huku akitazama saa ya mkononi. Akaniambia, "Mama, dunia imebadilika." Nikamwambia miguu ya watoto bado inarefuka, kama hajapata habari. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Naendelea kukata vidole vinne. Wakinikuta, wamenikuta. Na wewe kwa kuwa uko huko huko ofisi ya michoro, niulizie ni nani aliyechora kitu hiki. Nataka jina tu. Nitamwandikia mwenyewe, kwa adabu zote.

Shangazi yako


4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi. Mwambie Baba aende kwa daktari wa meno kabla uso haujavimba. Mimi sijambo. Nimehamia chumba kingine, ghorofa ya tano. Lifti inafanya kazi siku inayojisikia, na mwenye nyumba amebandika mlangoni mambo kumi na manne yasiyoruhusiwa, mojawapo ni kuhamisha kitanda kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Nimekihamisha. Dirishani naona paa la kiwanda cha sabuni, na asubuhi chumba kizima kinanukia vizuri bila gharama yoyote.

Kuhusu ule mchoro, si rahisi kusema ni wa nani. Hapa mchoro unapita mikono mingi. Mmoja anapunguza hiki, mwingine anaongeza kile, mwisho unakuwa wa kampuni. Naomba usijisumbue kutafuta jina.

Shangazi, umebakiza mwaka mmoja na nusu ustaafu. Wakikuondoa sasa kwa utovu wa nidhamu, kiinua mgongo chako kinakwenda na maji. Kata walivyosema. Hakuna mama atakayekuja kukulaumu wewe, watalaumu kampuni. Umewapigania watu wengi, sasa jipiganie mwenyewe kwa kunyamaza kidogo. Nakuomba kama mwanao.

Wako


20 Februari

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nimekaa, nikidhani labda nikikaa nitaikuta na maana. Hatujambo. Jino la baba yako limetoka lenyewe, kwenye kipande cha mkate, na sasa analitembeza kwa majirani ndani ya kibiriti. Anasema ameshinda.

Mikono mingi. Haya. Katika miaka yangu yote nimeona mikono mingi ikishona nguo moja, na bado naweza kukuambia nani aliweka kola na nani aliweka zipu. Mtu hawezi kujificha ndani ya kazi yake. Anaweza kuificha saini, lakini namna anavyokata haiwezi kufichwa. Nimeutazama mchoro ule tena, wote, kona kwa kona. Kuna kitu nimekiona. Sitakisema leo.

Nimepewa onyo la kwanza. Bwana Saa alipitia mafungu yangu na rula. Akapima upindo mmoja, wa pili, wa tatu, kisha akaniuliza mbele ya meza nzima, "Hii ni nini?" Nikamwambia ni kitambaa. Mama Vifungo, yule anayekaa karibu na mlango na kupachika vifungo tangu enzi, alicheka mpaka akaangusha kopo lake, na vifungo vikatapakaa sakafu nzima. Tuliokota robo saa. Bwana Saa naye aliinama akaokota. Nilimwonea huruma kidogo, kwa sababu nimegundua hajui hata kwa nini anaogopa. Ameambiwa kidole kimoja na yeye anasema kidole kimoja. Watu wengi waliowaumiza wenzao hawakuwa wabaya kuliko yeye, walikuwa wanapeleka tu ujumbe.

Lakini huruma yangu haikati nguo. Nimerudi mezani nikakata vidole vinne mchana wote.

Unaniambia ninyamaze kidogo. Nitanyamaza vipi kidogo? Mkasi ama unapita hapa ama unapita pale. Nijibu upesi safari hii, na unijibu nilichouliza.

Shangazi yako


11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo sana. Najua nimekaa kimya. Natumaini Baba mzima, na wewe mzima, na magoti yako hayakusumbui na ngazi, na jirani wa juu ametulia na kitanda chake. Nimefurahi kusikia habari za jino.

Mimi nimepandishwa cheo. Nina meza karibu na dirisha na mtu mmoja chini yangu, anayepiga chafya kila akifungua kabati la michoro. Wananiita kwenye mikutano. Chakula cha mchana tunakula chumba cha juu, kuna viti vyenye mito.

Sina jambo lingine la maana. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Wako


28 Aprili

Mwanangu,

Hongera kwa cheo na kwa mito ya viti.

Nina onyo la pili. Limeandikwa hivi: mpaka tarehe thelathini Juni nitie saini karatasi ya kukubali kukata kwa mujibu wa mchoro wa makao makuu, la sivyo niondoke bila chochote. Karatasi yenyewe nimeiweka chini ya pasi.

Jumamosi alikuja mama mmoja nyumbani, amebeba sketi ya binti yake kwenye mfuko. Ni ya mzigo mpya, wa kiwanda cha pili, ambako wanakata walivyoambiwa. Mtoto amerefuka ndani ya miezi mitatu, mama kafumua upindo, kakuta hakuna kitu. Alinionyesha kama mtu anayeonyesha mfuko ulioibiwa pesa. Nilimwekea kipande chini, rangi haikufanana vizuri. Alinishukuru na mimi nikaona aibu, kwa sababu nashukuriwa kwa kiraka.

Sasa nitakuambia nilichokiona. Kwenye mshono wa nyuma, karibu na kiuno, mchoro una alama mbili ndogo za mkasi, moja juu ya nyingine, zimeinama kidogo kushoto. Ni alama ya kumwonyesha atakayefumua aanzie wapi. Kiwanda chote hakuna anayeiweka isipokuwa mimi, kwa kuwa niliibuni mwenyewe nilipochoka kuona akina mama wanachana nguo kwa kutojua pa kuanzia. Na nilimfundisha mtu mmoja tu, alikuwa na miaka tisa, alikuwa anakata magazeti.

Mtu huyo ameondoa kitambaa chote cha kufumulia, halafu mkono wake ukasahau ukaweka alama ya kufumulia. Alama inaelekeza mahali pasipo na kitu.

Nilijua tangu Februari. Nilikuwa nangoja uniambie wewe.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Ni mimi. Nilichora mimi, kona zote, hakuna mkono mwingine uliopita. Waliniambia atakayepunguza kitambaa bila sketi kuonekana tofauti atapata ile meza ya dirishani. Nilimaliza kwa siku mbili. Alama sikuiona mpaka niliposoma barua yako, nikaenda kabatini kutazama, na kweli ipo pale.

Usidhani ilikuwa kwa ajili ya meza peke yake. Nataka nikuambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu.

Sketi yangu ya darasa la tano ndiyo iliyokuwa ya darasa la sita, na la saba, na la nane. Kila mwaka uliteremsha upindo, na kila mwaka ulibaki mstari pale ulipokuwa mkunjo wa zamani. Rangi ilikuwa imepauka juu ya mstari na mbichi chini yake. Ulipiga pasi, ulisugua kwa siki, mstari haukutoka. Nilipofika la nane nilikuwa na mistari mitatu. Wenzangu waliniita Ngazi. Walikuwa wanahesabu kwa sauti nikipita, moja, mbili, tatu. Nilikuwa nachelewa kutoka darasani makusudi ili wote wawe wameondoka, na nyumbani nikisema nilikuwa nafuta ubao.

Wewe ulikuwa unajivunia sketi ile. Ulimwonyesha kila mgeni jinsi ilivyodumu. Nilikuwa nasimama pale katikati ya chumba nikigeuzwa huku na huku, nikitamani sakafu inimeze.

Kwa hiyo walipouliza nini kinaweza kuondolewa, nilijua moja kwa moja. Nilipokata upindo ule nilisikia raha, Shangazi. Nisikudanganye. Nilijiambia angalau hakuna mtoto atakayehesabiwa.

Sasa unataka kufukuzwa kazi kwa ajili ya kile kilichonitesa. Sijui nikuombe msamaha au nikukasirikie. Tia saini ile karatasi.

Wako


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako mzima. Nimemsomea barua yako mpaka mahali pa Ngazi, hapo nikashindwa, akaichukua akamaliza mwenyewe. Alizima redio, jambo ambalo hajalifanya tangu mama yako afariki.

Sikujua. Nimekaa na neno hilo siku kumi na nane, nikitafuta namna ya kuliandika ili lisionekane dogo, sijaipata. Nilikugeuza mbele ya wageni nikionyesha mishono yangu, na macho yako yalikuwa pale pale juu ya mishono, sikuyatazama. Naumia. Ningekuwa na wewe hapa ningekukalisha nikuambie ana kwa ana, na ungenigombeza ulivyotaka.

Nimeshasema hilo. Sasa nisikilize na lingine, kwa maana mapenzi hayanizuii kukasirika.

Ulicheka na watoto waliokucheka. Walikuhesabia mistari, na wewe ulipopata mkasi ukawaunga mkono. Hukukata upindo wao, wale wenye sketi mpya kila mwaka, hao hawahitaji upindo. Ulikata wa mtoto kama wewe. Sasa hana mstari, kweli. Ana magoti nje mwezi wa nne, na mama yake anazunguka na mfuko. Aibu yake umeihamisha tu kutoka kwenye mstari kwenda kwenye magoti.

Kama mstari ulikuwa mbaya, tatizo lilikuwa mstari. Wewe ni fundi. Ulipaswa kukaa na mstari mpaka uushinde. Mimi nilishindwa, nilimwaga siki nikaacha. Nilidhani kudumu kwa nguo kunatosha, kumbe mtoto anavaa na macho ya wenzake pia. Hapo ulikuwa na haki kuliko mimi na ukaitumia vibaya.

Saini hawapati. Na wewe usije kunitetea kwa huruma, wala usiende kulia mbele ya wakubwa wako kwenye mito yao. Kama huna la kufanya, kaa kimya, tutaonana mambo yakiisha. Nakupenda vile vile.

Shangazi yako


14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naandika haraka, barua hii nampa dereva wa mzigo, ili ifike kabla ya tarehe thelathini.

Mchoro mpya uliofika kwenu tarehe tatu, najua uliuona, na ni wangu. Vidole vinne vyote viko kiunoni, chini ya mkanda, vimekunjwa kwa ndani. Mtoto akikua, mama anafumua juu badala ya chini. Mstari utabaki, hauwezi kukosa, lakini utakuwa chini ya shati, na sare yao shati huvaliwa nje. Hata akiteremsha mara tatu hakuna atakayeona. Nilikaa nao wiki tatu, tangu siku niliyokuandikia habari za Ngazi. Nilishona sketi nne chumbani nikazivaa mwenyewe, nikakaa, nikainama, nikapanda ghorofa tano, kwani lifti ilikuwa imekataa.

Niliupeleka kwa mkurugenzi kwanza. Alisema ni mzuri, na kwamba kitambaa ni kile kile cha zamani, kwa hiyo hapana. Nikarudi mezani kwangu. Nikachora nakala nne, nikaandika jina langu kamili kwenye kila kona, nikagonga muhuri wa ofisi, ambao siku hizi unakaa kwenye droo yangu, na nikazituma viwanda vyote vinne. Wamekata siku tisa kabla ya mtu kupima. Siku tisa, Shangazi, viwanda vinne. Shule zinafungua, mzigo umeshaondoka, hawawezi kuurudisha.

Jana wameniambia nifunge vitu vyangu. Sikulia. Yule anayepiga chafya alinibebea sanduku mpaka chini.

Sasa sikiliza kwa makini. Wewe bado unaweza kupona. Mchoro ulioletewa ulikuwa na muhuri halali, na wewe ulikata kwa mujibu wa mchoro wa makao makuu, ndivyo walivyotaka. Wakikuita, sema hukujua kwamba haukuidhinishwa. Ni neno moja tu. Utatia saini ile karatasi yao, utamaliza mwaka wako, utachukua haki yako. Mimi nimeshatoka, hakuna kitakachoniumiza zaidi. Nakuomba, safari hii tu, sema hukujua.

Wako


2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima. Baba yako ameng'oa jino la pili, safari hii kwa daktari, na kwa hiari yake, sijui nini kimempata.

Waliniita tarehe ishirini na nane. Meza ndefu, watu watatu nisiowajua, na Bwana Saa pembeni, saa yake ameivua ameiweka mbele yake. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nimeisoma tena asubuhi hiyo. Walinipa kiti. Mwanamke wa katikati aliongea vizuri, nikiri hivyo. Alisema kampuni inatambua miaka yangu. Alisema tatizo limetoka kwa mfanyakazi mmoja wa ofisi ya michoro aliyekosa uaminifu, na kwamba sisi wa mezani hatuna lawama, tulitumiwa tu. Akaniuliza, "Ulipokata kwa mchoro ule, ulijua kwamba haukuidhinishwa?"

Mwanangu, niliona mlango umeachwa wazi. Waliuacha wazi makusudi, hawakutaka shida na mtu wa umri wangu. Bwana Saa alinitazama moja kwa moja usoni, na nadhani alikuwa ananiombea.

Nikasema, "Nilijua. Nilipoufungua tu nilijua hamuwezi kuwa ninyi, kwa sababu ulikuwa umechorwa na mtu anayefikiria mvaaji. Aliyeuchora ni mtoto wa kaka yangu. Kukata nimemfundisha mimi, na hili la kiunoni amenifundisha yeye. Kama mnaandika, andikeni hivyo."

Wakaandika. Nilitia saini chini ya maneno yangu, nikarudi mezani, nikachukua mkasi wangu, huo ni wangu, nilinunua mwenyewe. Mama Vifungo alisimama. Wengine hawakusimama, wana watoto, na mimi siwalaumu. Nilitoka saa nne asubuhi, na sikujua la kufanya na mchana mzima, nikatembea.

Utakasirika. Umetoa kazi yako ili mimi nibaki na yangu, na mimi nimeitupa. Lakini ningebaki kwa kusema nini? Kwamba wewe ni mwongo na mimi ni mjinga. Ningekaa kwenye meza ile mwaka mzima na zaidi nikikata kidole kimoja na kula kwa kuliuza jina lako.

Sketi zimefika shuleni. Nimeziona zikipita, mamia, na hakuna anayejua kilichomo. Hakuna atakayekushukuru wala kukuhesabia chochote, zinaonekana sketi tu. Niliwatazama watoto wale kwa muda mrefu mpaka mlinzi wa lango la shule akaniuliza namngoja nani.

Sasa rudi nyumbani. Baba yako anauliza tutaishi vipi, nimemwambia watu hawajaacha kuvaa nguo. Tutashona hapa sebuleni, redio itahamia chumbani. Lakini usije na lile basi la alfajiri, ukaingia kimya kimya kama mtu aliyefukuzwa. Chukua la mchana. Shuka pale shuleni saa wanayotoka, upite katikati yao na sanduku lako, uje taratibu. Mimi nitakuwa nimesimama langoni, na kila atakayeniuliza huyo ni nani, nitamwambia.

Shangazi yako